Paka, Mama na Namba ya Saa Tisa Usiku

Mhariri wetu amenifuata tangu muhula uliopita niandike kitu "kuhusu maisha ya ughaibuni". Nikamjibu kwamba maisha ya ughaibuni kila msomaji wa jarida hili anayajua vizuri kuliko mimi: baridi, kodi ya chumba, maboksi ya usiku, na simu za nyumbani zinazoanza na "hujambo" zikaishia na "kama una chochote". Basi nikaona heri niandike jambo ambalo nina hakika hakuna mwenzangu aliyewahi kuliandika humu. Kwa miezi mitano nilikuwa nesi wa paka.

Chekeni, ruhusa mnayo. Mama yangu kule Tanga alicheka mpaka akamwachia mdogo wangu simu. Lakini mkimaliza kucheka nisikilizeni. Katika miezi ile mitano nilijifunza kuhusu vipimo jambo ambalo miaka mitatu ya kusoma uhandisi wa umeme haikunifundisha, na linamhusu kila mmoja wetu mwenye mzazi mgonjwa nyumbani, anayeijua hali yake kwa kutajiwa namba kwenye simu.

Ilianza hivi. Septemba 2023 nilipata chumba hapa Leeds kwa bibi mmoja wa Kiingereza, mjane, umri wake unakaribia themanini. Kodi ilikuwa nafuu, nyumba ina joto, na sharti lake lilikuwa moja tu: nisimfukuze paka kwenye kochi. Paka mwenyewe dume aliyehasiwa, rangi ya machungwa, miaka kumi na moja, kilo saba. Jina lake Marmalade. Mimi nimekulia nyumba ambayo paka anakaa nje na kazi yake ni panya. Huyu alikuwa na blanketi lake, na lilikuwa zuri kuliko langu.

Kufika Novemba Marmalade akabadilika. Anakunywa maji kama ametoka jangwani, sanduku lake la mchanga linalowa kutwa, anakula kama kawaida lakini mgongo unaanza kuonyesha mifupa. Halafu akaanza kutembea kwa ajabu, miguu ya nyuma imelala chini mpaka kwenye kifundo, kama mtu anayeburuza ndala kubwa. Nikamwambia bibi, "Huyu ana dalili za mama yangu." Maana mama ana kisukari tangu 2016, na ile kiu naijua. Bibi akaniangalia kama nimemtukania paka. Kesho yake akampeleka kwa daktari wa wanyama, na jibu likawa hilo hilo: kisukari. Kumbe paka madume waliohasiwa, wanene, wenye umri, ndio hasa wanaopata, na kisukari chao kinafanana sana na kile cha watu wazima wetu wanaokipata ukubwani.

Dawa ni insulini, sindano mara mbili kwa siku, kila baada ya saa kumi na mbili. Mikono ya bibi inatetemeka. Hapo ndipo nilipoajiriwa. Tukakubaliana: mimi nachoma sindano na kusoma vipimo, yeye anapunguza kodi. Mwanafunzi gani angekataa?

Nilipomweleza mama, kicheko chake kilikatika ghafla. Akasema, "Paka anachomwa insulini? Mwanangu, hapa mtaa wa pili kuna mzee anaruka siku ili chupa yake ifike mwisho wa mwezi." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Najua tu kwamba Banting na Best walipokuwa wakiitafuta insulini kule Toronto mwaka 1921, waliijaribu kwanza kwa mbwa, kwa hiyo katika ugonjwa huu watu na wanyama wanadaiana siku nyingi. Lakini jibu hilo halimfai mtu anayeruka siku.

Turudi kwa paka. Tatizo la kwanza la kumpima paka sukari ni kwamba paka anaogopa, na paka akiogopa sukari yake inapanda yenyewe. Hata paka mzima asiye na ugonjwa wowote, ukimtia ndani ya kikapu, ukampakia kwenye gari, ukamweka juu ya meza ya daktari huku mbwa wanabweka chumba cha pili, sukari yake inaweza kuruka juu kabisa, namba utakayoiona ukadhani ni mgonjwa. Kwa hiyo daktari hakutosheka na kipimo cha siku ile. Alichukua damu apime fruktosamini, inayoonyesha wastani wa sukari wa wiki moja au mbili zilizopita, halafu akashauri Marmalade avishwe sensa.

Sensa hii si ile ya watu na makazi. Ni kiduara cha plastiki, ukubwa wa sarafu ya pauni mbili hivi, ambacho watu wenye kisukari wanakibandika nyuma ya mkono. Chini yake kuna uzi mwembamba laini unaoingia ndani ya ngozi nusu sentimita hivi. Uzi una kimeng'enya kinachokutana na sukari, na katika kukutana huko unazaliwa mkondo mdogo sana wa umeme. Sukari nyingi, mkondo mkubwa. Sukari kidogo, mkondo mdogo. Kompyuta ndogo iliyo ndani inaugeuza mkondo ule kuwa namba na kuirusha kwenye simu. Hii ni kazi ya watu wa fani yangu, na nilipoiona nilivimba kichwa kabisa. Daktari akamnyoa Marmalade mabegani, akatia gundi tone moja, akabandika. Karibu pauni 50 kwa sensa moja. Kwa mtu inakaa siku kumi na nne. Kwa paka anayejilamba na kujisugua ukutani, ikifika wiki moja shukuru Mungu.

Nikajifanya mtaalamu. Simu yangu ikawa na mchoro wa sukari ya paka mchana na usiku. Darasani mhadhiri anaeleza mambo yake, mimi namwangalia Marmalade amekula saa ngapi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la majivuno. Ndani ya begi nilikuwa na mashine ya kuchoma kidole, ile ya kawaida ya watu, niliyomnunulia mama nikawa nangoja msafiri. Nikasema ngoja nihakikishe. Nikamtoboa Marmalade kwenye ukingo wa sikio (ndipo wanapotobolewa, na wala hawalalamiki sana), nikapata tone. Mashine ikasema 8.1. Sensa ikasema 11.9. Nikarudia kesho yake, mashine tena iko chini sana. Nikamwita bibi jikoni nikamtolea mhadhara: sensa inatia chumvi, inaongeza karibu nusu, tukiifuata tutamzidishia paka dawa. Bibi akaniuliza swali moja tu: "Na hiyo mashine yako nani kakwambia inasema kweli?"

Nikampigia daktari nikiwa na hakika zangu. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa upole, kisha akanieleza jambo ambalo lilinikalisha chini. Sukari ya damu imegawanyika: nyingine iko kwenye maji ya damu, yaani plazima, nyingine imo ndani ya chembe nyekundu. Kwa binadamu kama asilimia 58 iko kwenye plazima na 42 kwenye chembe. Kwa paka, asilimia 93 iko kwenye plazima, na kwenye chembe ni 7 tu. Mashine ya watu imetengenezwa kwa hesabu ya damu ya watu. Ukiilisha damu ya paka inapiga hesabu ile ile, na jibu mara nyingi linatoka chini kuliko ukweli. Ziko mashine zilizowekewa hesabu ya paka, na akaniazima moja. Nilipopima kwa hiyo, ikasema 11.2 na sensa 11.8. Nilikuwa nimemhukumu shahidi wa kweli kwa kumsikiliza shahidi asiyeijua lugha ya mshtakiwa.

Basi nikajiuliza, kama 11.2 na 11.8 ni sawa, "sawa" maana yake nini? Hapo ikabidi nisome kidogo. Kiko kiwango cha kimataifa cha mashine za kuchoma kidole za watu, ISO 15197 cha mwaka 2013. Kinataka vipimo 95 katika kila 100 visipotoke zaidi ya asilimia 15 vikilinganishwa na maabara, na sukari ikiwa chini ya 5.6 visipotoke zaidi ya 0.83. Ipigieni hesabu wenyewe. Ukweli ukiwa 20, mashine ikisema 17 imefaulu, ikisema 23 imefaulu pia. Kwa paka wa 20, kosa hilo halina neno, maana 17, 20 au 23 jibu ni moja: sukari iko juu. Lakini ukweli ukiwa 3.2, na mashine ikasema 4.0, nayo imefaulu mtihani, ila paka wa 4.0 analala zake na paka wa 3.2 yuko njiani kuelekea hatarini. Kosa dogo kule chini ni kosa kubwa.

Na sensa za watu zikivalishwa paka, tafiti zilizofanywa zimeonyesha kwamba hazifikii kabisa kiwango hicho kikali. Hata hivyo makosa yake karibu yote si ya aina ya kumfanya daktari atoe tiba mbaya. Zinaonyesha vizuri sukari inapanda saa ngapi, inashuka saa ngapi, dawa inashika kwa muda gani, mambo ambayo kumtoboa sikio mara mbili kwa siku hakuwezi kukuonyesha. Udhaifu wake mkubwa uko kule chini, na kuna jambo jingine, kuchelewa. Uzi ule haugusi damu. Unaonja majimaji yaliyo chini ya ngozi, katikati ya seli, na sukari hutoka kwanza kwenye damu ndipo ifike huko. Damu ikitulia, namba mbili zinakaribiana. Damu ikibadilika haraka, sensa inakusimulia habari ya dakika kadhaa zilizopita, wakati mwingine karibu nusu saa. Sukari ikishuka kwa kasi, sensa bado inakuonyesha namba ya juu, namba ya faraja.

Nilipoyajua hayo nikadhani sasa nimehitimu. Kumbe bado.

Katikati ya Desemba, saa tisa usiku, simu ikalia. Sensa inasema LO, yaani sukari iko chini hata haiandikiki. Niliruka kitandani bila viatu. Sukari ikishuka hivyo paka anaweza kupata degedege akafa, na dawa ya haraka ni kumpaka asali kwenye ufizi. Nikamkuta Marmalade kwenye blanketi lake amelala chali, miguu juu. Sikungoja. Nikamshika, nikampaka asali. Nilikwaruzwa mikono miwili na uso. Bibi akaamka kwa kelele. Tulipompima sikio kwa mashine ya paka, 9.4. Paka mzima kabisa, usingizi wake tu nimemharibia. Daktari akacheka kesho yake: alikuwa ameilalia sensa. Uzito wa mwili ukikandamiza pale mahali, majimaji ya chini ya ngozi yanasukumwa pembeni, uzi unakosa sukari ya kuonja, unalia njaa. Hata watu wakiulalia mkono wenye sensa inatokea.

Sasa sikilizeni, kiini cha habari yangu kiko hapa. Baada ya usiku ule nilikuwa na maelezo. Kila sensa ilipoonyesha chini usiku nilikuwa najua kwa nini: kailalia. Ikatokea mara ya pili, kweli kailalia. Mara ya tatu sikwenda hata kumwangalia, niligeuka upande wa pili.

Januari 2024, wiki ya mitihani, usiku nimesoma mpaka saa nane. Saa kumi na moja alfajiri simu ikalia: 3.3. Nikaizima. Kailalia, nikalala. Saa moja asubuhi nikashuka kumchoma sindano. Bibi amekwisha nitayarishia kila kitu, bomba la sindano, chakula kwenye kisahani. Nikatazama simu: 4.4. Nikajisemea unaona, imepanda, ilikuwa usingizi tu. Nikavuta dawa kwenye bomba.

Paka hakuja kwenye chakula. Marmalade, ambaye husikia kopo likifunguliwa hata akiwa bustanini, hakuja. Nilimkuta mlangoni mwa stoo amesimama, macho yamekuwa meusi yote, miguu ya nyuma inayumba kama ya mlevi. Namba kwenye simu bado inasema 4.4. Nikaweka bomba chini. Mkono wangu ndio uliokuwa ukitetemeka sasa, si wa bibi. Nikamtoboa sikio: 2.5.

Tukampaka asali kwenye ufizi kidogo kidogo, si kummiminia kooni maana angepaliwa, na baada ya dakika kumi hivi akaanza kujilamba, baadaye akala. Tukampigia daktari, akasema tusichome kitu, tumlete. Kilichokuwa kimetokea ni habari njema iliyokuja kwa mlango mbaya. Kwa chakula kisicho na wanga mwingi na dawa ya mapema, kongosho la baadhi ya paka linazinduka na kuanza tena kutoa insulini yake. Marmalade alikuwa anapona. Dozi ile ile iliyokuwa ikimfaa Novemba, Januari ilikuwa sumu. Sensa ilikuwa imejaribu kuniambia alfajiri. Namba yake ya asubuhi ilikosea, lakini ile ya saa kumi na moja ilikuwa na ujumbe, na mimi niliuzima kwa kidole.

Kwenye chumba cha kungojea bibi akaniuliza, "Ililia usiku?"

Wenzangu, ningeweza kusema hapana. Simu ilikuwa yangu, mchoro ulikuwa kwangu peke yangu. Nikasema, "Ndiyo, ililia. Nikaizima."

Akakaa kimya muda. Kisha akasema, "Siku nyingine niamshe. Paka ni wangu." Hakusema zaidi. Kodi hakuipandisha, wala hakuninyang'anya kazi. Lakini kuanzia siku ile aliweka kiti kando ya blanketi la paka, na kila sensa ilipolia tulikutana pale wote wawili na nguo za kulalia, tukimtazama Marmalade anavyopumua.

Nilifikiri sana juu ya kosa langu, maana si kosa la kutojua. Nilijua sensa inachelewa, nilijua kule chini ni dhaifu, nilijua inadanganywa na usingizi. Tatizo ni kwamba nilizitumia elimu zangu zote upande mmoja. Chombo kikisema jambo linalonisumbua, nakumbuka makosa yake. Kikisema jambo linaloniruhusu kulala, nakiamini. Ile 3.3 niliifanyia uchunguzi nikaipata na hatia. Ile 4.4 sikuiuliza hata jina lake. Kumbe chombo kinachokosea hakikupi ruhusa ya kuchagua unachotaka. Kinakudai uinuke, ukamtazame mgonjwa, utafute tone la damu.

Machi 2024 Marmalade aliacha insulini. Bado tunampima mara moja moja, kwa sababu kisukari cha paka kinaweza kurudi, na chakula chake ni kile kile cha masharti. Miguu ya nyuma imesimama. Kwenye kochi nakaa mimi pembeni, yeye katikati.

Sasa nije kwa mama. Kabla ya mambo haya nilikuwa na mpango wangu. Nilitaka kumnunulia mama sensa, niweke namba zake kwenye simu yangu, nikae hapa Leeds nimwangalie kama ninavyomwangalia paka. Ndiyo, niliona haya kwamba paka anavaa na mama havai. Lakini nitasema kweli, palikuwa na sababu nyingine pia. Nilitaka nisipige simu ile ya Jumapili na kumuuliza "sukari inaendeleaje" na kujibiwa "alhamdulillahi, iko sawa". Kila mmoja wetu analijua hilo jibu. Mama zetu wakiwa wagonjwa wako sawa, wakiwa hospitali wako sawa, na habari ya kweli unaipata wiki tatu baadaye kwa binamu. Nayo ni sensa ya aina yake: inachelewa, na kule chini haiaminiki.

Julai 2024 nilipokwenda nyumbani nilibeba sensa kwenye begi, lakini pia nilibeba stripu za mashine ya kidole, nyingi kuliko sensa. Tukakaa barazani watatu, mama, mdogo wangu wa kike na mimi, nikawaeleza habari ya Marmalade yote, na ile ya kuzima simu sikuificha. Mama alisikiliza, safari hii bila kucheka. Akasema, "Kwa hiyo namba yako huko Uingereza haitajua kama nimekula?" Nikasema haitajua. "Wala kama nimepata habari ya msiba?" Haitajua. Akamnyooshea mdogo wangu kidole: "Basi huyu ndiye mashine." Tukapatana. Simu ikilia kwangu, sitasema kaulalia mkono, sitasema tumekwisha. Nitampigia mdogo wangu, yeye atakwenda kumwona mama kwa macho, atamchoma kidole, ndipo tutajua. Na sukari ikishuka kweli, kuna soda ya kawaida kwenye friji, isiyoguswa na wajukuu.

Februari 2025, saa tisa usiku hapa, kwao saa kumi na mbili asubuhi. Simu yangu ikalia: 3.4. Nje theluji, kitandani joto, kesho nina kazi ya kuwasilisha. Nawaapia, mkono ulikwenda wenyewe kwenye kitufe cha kuzima. Ndipo nikaliona lile bomba la sindano mezani, na 4.4 yangu.

Nikapiga. Mdogo wangu akapokea na sauti ya usingizi, nikasikia ndala zake sakafuni, mlango, kisha "Mama, mama, kaka anataka tone." Kimya. Kisha akasema, "6.7, kaka. Alikuwa ameulalia mkono."

Nikasikia mama akiomba apewe simu. "Mwanangu," akasema, "huko ni saa ngapi?"

"Saa tisa usiku, mama."

"Na umeamka kwa ajili ya mkono wangu?"

"Ndiyo, mama."

Akanyamaza kidogo. Halafu akaniambia, bila kuulizwa, kwamba juzi alijisikia vibaya sokoni, jasho na kizunguzungu, na hakutaka kutusumbua. Akaeleza saa ngapi, alikuwa amekula nini, amemeza dawa gani. Mdogo wangu akaandika. Wiki ile ile walikwenda kwa daktari, na dawa yake moja ikapunguzwa.

Namba ya usiku ule ilikuwa ya uongo, ndugu zangu. Lakini kwa kuwa tuliinuka kuifuata, mama akatwambia la kweli.

Tuonane toleo lijalo, panapo majaaliwa. Marmalade anawasalimu.